Nina ukaazi wa kudumu Ujerumani. Je, bado nastahili pasipoti ya Tanzania?

*Barua*

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanamke wa Tanga, mzaliwa wa Ngamiani, na tangu 2007 naishi Hamburg. Nilikuja kwa ndoa. Ndoa ikavunjika, nikabaki na kijana wangu na kazi yangu katika nyumba ya kutunzia wazee. Nina kibali cha ukaazi wa kudumu, kile ambacho sisi wa huku tumezoea kukiita Niederlassung. Uraia wa Ujerumani sijawahi kuuomba.

Pasipoti yangu ni ya zamani, ilitolewa 2015 na ikaisha 2025. Sikuihangaikia kwa sababu sikuwa na safari: ilianza korona, ikaja talaka, zikafuata zamu za usiku. Sasa kadi yangu ya ukaazi nayo imefika mwisho, kwa kuwa waliiandikia tarehe ileile ya pasipoti. Nilipokwenda ofisi ya wageni, mama wa dirishani hakunifokea. Alivuta karatasi, akaandika "Pass", akaipigia mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu, akanisogezea. Bila pasipoti iliyo hai hawanichapishii kadi mpya.

Nikaanza kuulizauliza, na hapo ndipo nilipozidi kuchanganyikiwa. Kwenye hitima moja hapa, kaka mmoja tunayemheshimu sana alisema mbele za watu kwamba Mtanzania akishapewa ukaazi wa kudumu nje basi amekwisha kujitoa. Alisema ubalozi haumpi tena pasipoti, unampa karatasi ya kumrudisha nyumbani tu. Mwingine kwenye kundi letu la WhatsApp akasema lazima uwe na makazi Tanzania ndipo upewe. Rafiki yangu Mkenya yeye ananishangaa. Anasema Wajerumani wameruhusu uraia wa nchi mbili, nichukue wa kwao nibaki na wangu, mbona yeye anazo pasipoti zote mbili na hakuna anayemuuliza.

Nilijaribu kujaza fomu mtandaoni, nikafika penye namba ya NIDA nikakwama. Niliondoka nyumbani kabla watu hawajaanza kuandikishwa. Kuna kijana yuko Dar, tumeunganishwa na mtu, anasema nimtumie picha na laki tatu atanitolea namba bila mimi kusafiri. Cheti changu cha kuzaliwa ninacho. Cha baba hakipo, alizaliwa kijijini Korogwe na amefariki bila kuwahi kuwa nacho. Mama naye hana.

Kijana wangu alizaliwa hapa, baba yake ni Mjerumani, ana pasipoti ya Kijerumani. Mwezi wa Novemba anatimiza miaka 18. Anasema anataka na ya Tanzania, kwa sababu huko ndiko kwa bibi yake. Nina kiwanja Pongwe, msingi nimeshamwaga.

Mama yangu anakaribia miaka 80 na macho yamepungua. Kila nikimpigia ananiuliza nakwenda lini. Naogopa Mungu asije akamchukua mimi nikiwa nimekwama huku sina hata kitabu cha kupandia ndege. Nieleze Mama, mtu anayeishi nje moja kwa moja bado anastahili pasipoti yetu? Na huo uraia wa huku niuchukue au niuache?

Mwanao wa Tanga, Hamburg

*Jibu*

Marahaba mwanangu,

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Unastahili. Wewe ni raia wa Tanzania leo kama ulivyokuwa siku uliyopanda ndege mwaka 2007, na pasipoti ni haki ya raia popote alipo. Hakuna kifungu katika Sheria ya Uraia ya 1995 kinachosema Mtanzania wa kuzaliwa kama wewe akikaa nje miaka mingi, au akipewa ruhusa ya kukaa huko maisha yake yote, uraia wake unakatika. Kaka yenu aliyesema vile kwenye hitima amewatia watu hofu isiyo na msingi, na ninavyojua hofu ya namna hiyo inavyosambaa, wapo waliokaa na vitabu vilivyokufa miaka na miaka kwa kuogopa kwenda ubalozini kuambiwa "wewe si wetu."

Chukua kadi yako hiyo iliyoisha, uigeuze nyuma. Chini kuna mistari ya herufi na namba za kusomwa na mashine. Utaziona herufi tatu, TZA. Wajerumani wenyewe wameandika kwamba mwenye kadi hii ni Mtanzania. Kibali cha ukaazi hupewa mgeni, Mjerumani hana haja nacho. Kwa hiyo anayekuambia kibali hicho kinakuondolea Utanzania anasema kinyume kabisa cha kilichoandikwa kwenye kadi.

Kinachokata uraia wetu ni kitu kingine, nacho ni kuchukua uraia wa nchi nyingine ukiwa mtu mzima. Hapo sheria haina huruma. Mtanzania aliyefikisha miaka 18 akipata uraia wa nje kwa hiari yake, Utanzania wake unakoma, na haihitaji barua wala hukumu ya mahakama. Haki ya pasipoti inaondoka hapo hapo, kwa sababu pasipoti inafuata uraia.

Sasa tuje kwa rafiki yako Mkenya. Hakudanganyi, ila anazungumzia nyumba yake. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 16, inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine. Kwetu hakuna ibara kama hiyo. Na Ujerumani kweli imelegeza: tangu tarehe 27 Juni 2024 haimlazimishi tena mtu kuukana uraia wake wa kwanza ndipo apewe wa Kijerumani. Lakini Ujerumani imesema kwa upande wake tu. Haina uwezo wa kusema kwa niaba ya Dodoma. Kabla ya tarehe hiyo Mtanzania aliyetaka uraia wa huko aliombwa alete karatasi ya kuukana wa kwetu, kwa hiyo alijua wazi anaacha nini, alishika kalamu akasaini. Leo hakuna anayemwomba chochote. Anajaza fomu, analipa yuro 255, anapokea cheti, anapiga picha na maua, anarudi nyumbani akiamini anazo zote mbili, kumbe kwa sheria ya Tanzania amebaki na moja. Hili linaniumiza sana, kwa sababu wanaoingia humo si wakaidi. Ni watu waliosikia kwenye taarifa kwamba "uraia pacha umeruhusiwa" wakadhani habari imekwisha.

Kama kuna dada au kaka hapo Hamburg ameshapeleka maombi yake na sasa anasoma haya moyo unamdunda, ajue kwamba kuomba peke yake hakujamtoa. Kwa sheria ya Ujerumani uraia unapatikana siku unapokabidhiwa cheti chenyewe mkononi. Hadi siku hiyo anaweza kuandika barua akaondoa maombi, na Utanzania wake haujaguswa. Baada ya kukipokea, kurudi nyuma ni safari ndefu ya kuomba uraia wa tajnisi kama mgeni yeyote.

Tuje kwenye pasipoti yako. Ule mwaka 2025 ulioandikwa ndani yake usikupe faraja yoyote, maana kitabu hicho kilikuwa kimeshakufa. Pasipoti ya kielektroniki ilizinduliwa tarehe 31 Januari 2018, na Uhamiaji ikatangaza kwamba zile za zamani mwisho wa kutumika ni tarehe 31 Januari 2020. Ungejaribu kusafiri nayo 2022 ungezuiwa. Kwa hiyo unachoomba sasa ni kitabu cha aina nyingine kabisa, chenye alama zako za vidole, na ndiyo sababu huwezi kumtuma mtu. Lazima uende mwenyewe mbele ya mashine, kwako maana yake ni ubalozi wetu Berlin. Piga simu kabla hujakata tikiti ya treni. Uliza wana siku zipi za kuchukua alama za vidole, na kama miadi inahitajika. Nyumbani kitabu hiki kilipangiwa shilingi 150,000 kilipoanza. Ubalozini malipo ni ya fedha za kigeni, watakutajia kiasi cha sasa, na utalipa kwa namba ya malipo utakayopewa na mfumo, si mkononi mwa mtu.

Fomu ikikuuliza unakoishi, andika Hamburg. Usitafute anwani ya shemeji wa Kinondoni ili uonekane unaishi Tanzania. Aliyesema kwenye kundi lenu kwamba lazima uwe na makazi nyumbani amekosea, na ushauri huo una hatari, kwa kuwa taarifa ya uongo kwenye maombi ya pasipoti ni kosa la jinai, hata kama uongo wenyewe hukuuhitaji. Sema ukweli: unaishi Ujerumani, una kibali, ulikuja mwaka fulani, unafanya kazi fulani. Ambatisha nakala ya kadi yako ya ukaazi hata kama imeisha, na hicho kitabu cha zamani usikitupe, wataking'ang'ania wakione.

NIDA sasa. Huyo kijana wa Dar usimtumie hata senti. Namba ya NIDA inatolewa kwa mtu aliyekaa mbele ya mashine akapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Wewe uko Hamburg, vidole vyako viko Hamburg. Namba atakayokuletea ama ni ya kubuni, ama ni ya mtu mwingine, na siku utakapoweka kidole chako ubalozini mfumo utaonyesha mtu mmoja na namba itaonyesha mwingine. Kutoka kwenye usumbufu wa karatasi utaingia kwenye shauri la kughushi, na hilo ndilo linaloweza kukuharibia jina kwa Uhamiaji miaka yote iliyobaki. Badala yake andikia ubalozi kabla ya kwenda, uwaeleze wazi kwamba uliondoka 2007, hujawahi kuandikishwa, na unaomba maelekezo ya namna ya kuendelea. Hauko peke yako kwa hili. Kizazi kizima cha Watanzania walioondoka wakati ule kipo katika hali yako, na maofisa wanakijua. Omba jibu kwa maandishi, ulibebe siku ya kwenda.

Vyeti vya wazazi ndiyo sehemu inayowatesa watu wengi kuliko zote, na kwa kweli inasikitisha, kwa maana mtu anaulizwa karatasi ambayo kijiji cha baba yake hakikuwa nayo. Wazee wa Korogwe waliozaliwa miaka ya ukoloni wachache sana waliandikishwa. Njia inayokubalika ni kiapo. Ndugu wa baba yako aliye mkubwa kwa umri na anayemjua tangu utoto anakwenda kwa wakili au hakimu, anaapa kwamba fulani alizaliwa kijiji fulani, mwaka unaokadiriwa kuwa fulani, na kwamba wewe ni mtoto wake. Kwa mama ni rahisi zaidi kwa sababu yupo hai, na yeye anaweza pia kuomba cheti chake RITA. Lakini mwanangu, angalia majina. Hapa ndipo maombi mengi yanapokwama. Kama cheti chako kinasema baba ni "Saidi Hamisi" na kiapo kikaandika "Said Khamis Saidi," ofisa anaona watu wawili. Mtumie huyo ndugu picha ya cheti chako, umwambie jina liandikwe kama lilivyo humo, herufi kwa herufi. Kama ulibadilisha jina ulipoolewa na ukarudisha la kwenu baada ya talaka, beba cheti cha ndoa na hukumu ya talaka, vyote viwili, na tafsiri yake iliyothibitishwa.

Upande wa Ujerumani ujue jambo moja la kukutuliza. Kadi kuisha si sawa na haki kuisha. Niederlassung haina mwisho, kinachoisha ni kile kiplastiki, nacho kimefungwa na uhai wa pasipoti. Lakini sheria yao inamtaka mgeni awe na pasipoti hai muda wote, kwa hiyo usikae kimya. Ukishapata tarehe ya Berlin, peleka nakala yake ofisi ya wageni waone kwamba unashughulika. Wengine watakushauri uombe ile hati ya kusafiria ambayo Wajerumani huwapa wageni wasio na pasipoti. Hupewa yule ambaye kweli hawezi kupata ya kwao, na wewe unaweza, kwa hiyo ofisi itakurudisha ubalozini tu.

Na ile karatasi ya kukurudisha nyumbani aliyoitaja kaka yenu ipo kweli, ni hati ya dharura. Ubalozi unaweza kukupa ikitokea msiba au ugonjwa. Lakini kabla hujaipokea fikiria utarudije. Itakufikisha Tanga, haitakurudisha Hamburg. Itabidi uombe pasipoti ukiwa huko nyumbani, na huku siku zinahesabika, kwa kuwa ukaazi wa kudumu wa Ujerumani kwa kawaida unapotea mtu akikaa nje ya nchi hiyo zaidi ya miezi 6. Watu wamekwenda kuuguza, mgonjwa akachelewa kupona, kitabu kikachelewa kutoka, wakarudi wakakuta mlango umefungwa.

Kwa bahati nzuri wewe una kinga ambayo wengi hawajui kama wanayo. Sheria yao ya ukaazi inasema mwenye Niederlassung aliyeishi Ujerumani kihalali angalau miaka 15, na anayejitegemea kwa kipato, hapotezi ukaazi wake kwa kuvuka hiyo miezi 6. Uko huko tangu 2007 na una kazi. Ofisi ya wageni inatoa cheti cha kuthibitisha hilo ukiomba. Siku utakayokwenda kuchukua kadi mpya, omba na cheti hicho, usisubiri wakutajie. Ukiwa nacho mkononi unaweza kukaa na mama yako muda anaouhitaji bila kuhesabu wiki. Kwa hali uliyoniandikia, naona karatasi hiyo ina manufaa kwako kuliko hata uraia.

Ambayo inanileta kwenye swali lako la mwisho. Mimi siwezi kukuchagulia, ila nitakuwekea mezani unachopata na unachoacha. Uraia wa Ujerumani utakupa kura huko, kusafiri nchi nyingi bila viza, na hakuna atakayekuuliza kadi tena. Hayo si madogo, na sitamlaumu Mtanzania yeyote aliyeyachagua akijua anachofanya. Upande wa pili, utaingia Tanga kwa viza, Mjerumani wa kawaida hulipa dola 50, na utakaa kwa siku ulizopewa nyumbani kwa mama yako mzazi. Na kuna kiwanja. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Msingi uliomwaga Pongwe uliumwaga kama raia.

Utasikia kuhusu hadhi maalum. Ni kweli, serikali imeandaa utaratibu kwa watu wenye asili ya Tanzania waliokwisha kuchukua uraia wa nje, kwa kurekebisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi, ili waingie, wakae na wawe na ardhi kwa wepesi zaidi. Ni hatua, na naipokea. Lakini hadhi hiyo haikupi pasipoti ya Tanzania wala haki ya kupiga kura. Usiichukue kama sababu ya kukimbilia cheti cha Kijerumani ukidhani kwetu umeacha mlango wazi. Mimi natamani tungefika walikofika majirani. Bunge Maalum la Katiba la 2014 lilipofika kwenye suala hili liliishia kwenye hiyo hadhi maalum, na hata Katiba Inayopendekezwa yenyewe haijapigiwa kura mpaka leo. Watoto wetu walio nje wanatuma ada, wanajenga, wanazika wazazi, na naamini wanastahili zaidi ya hapo. Lakini sikushauri uishi kwa sheria ninayoitamani. Kwa iliyopo, kwa mtu mwenye ukaazi wa miaka 15 na zaidi, mama aliye hai na kiwanja kilichoanza kujengwa, sioni haraka ya kuchukua uraia huo. Pata pasipoti kwanza, kaa na mama yako, kisha ukitaka fikiria upya ukiwa umetulia. Na ukiamua kuuchukua, muone wakili wa ardhi Tanga kabla ya kupokea cheti, si baada yake.

Kijana wako hali yake ni tofauti na yako. Yeye hakuomba uraia wowote, amezaliwa nao wote wawili: wa Kijerumani kwa baba, wa Kitanzania kwa kurithi kutoka kwako, kwa kuwa wewe ni raia wa kuzaliwa. Sheria yetu inamvumilia mtoto mwenye uraia wa nchi mbili hadi atimize 18. Baada ya hapo inamtaka achague. Akitaka kubaki Mtanzania itabidi aukane wa Kijerumani na ale kiapo cha utii, asipofanya hivyo wa kwetu unakoma. Kabla ya Novemba anaweza kuombewa pasipoti ya Tanzania akiwa bado mtoto, lakini usimwambie kwamba kitabu kikishatoka ndiyo amepata moja kwa moja. Mweleze yote. Mweleze pia kwamba hata akichagua Tanzania, watoto wake wakizaliwa nje hawataurithi kutoka kwake, kwa sababu raia wa kurithi hamrithishi aliyezaliwa ughaibuni. Ni mzigo mzito kwa kijana wa miaka 17, na usikubali ndugu wa upande wowote wamsukume. Akibaki na pasipoti ya baba yake hajamkana bibi yake. Ataingia kwa viza na atakula wali wa nazi Ngamiani kama mjukuu mwingine yeyote.

Mama yako mpigie, umwambie unakuja ila kuna karatasi zinatengenezwa. Usimtajie tarehe ambayo huna. Na ndugu wa baba yako wa Korogwe mpigie pia, leo au kesho, aanze kiapo, kwa sababu mengine yote unaweza kuyafanya wewe mwenyewe kutoka Hamburg isipokuwa hilo.